Mrejesho: paka wangu mzee aliyegoma kula

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu paka wangu wa miaka 14 aliyekuwa akinusa chakula kisha anaondoka. Asanteni sana, hasa mliosisitiza nisisubiri kwa kuwa paka akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linaweza kujaa mafuta na kumuua.

Daktari wa mifugo alimfungua kinywa akakuta fizi zimevimba na jino la nyuma limeoza. Kipimo cha damu kikaonyesha figo nazo zimeanza kuchoka. Jino limeng'olewa, akapewa dawa ya maumivu ya paka. Za binadamu msithubutu, Panadol ni sumu kali kwao!

Ushauri wa kupasha chakula kidogo ili kinukie umesaidia mno. Mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu anaulamba wote. Kumlisha kwa bomba la sindano kulishindikana, alitema kila kitu. Chakula maalumu cha figo bado anakikataa, kwa hiyo daktari kasema tukichanganye kidogo kidogo na anachopenda. Figo hazitapona, na uzito haujarudi wote, lakini anakula mwenyewe. Damu tutapima tena mwezi ujao.