Bila von Lettow-Vorbeck, je, vita vya Afrika Mashariki vingefika mwaka 1917?

Muuza Viatu, Kariokor (swali)

Salaam kwenu nyote. Mimi huuza viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, Nairobi, na wateja wageni hawaishi kuniuliza jina hilo lilitoka wapi. Huwaeleza kwamba ni Kikosi cha Wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, ambacho jina lake la Kiingereza, Carrier Corps, lilipita vinywani mwa watu wetu likatoka Kariokor, kama lilivyotoka Kariakoo kule Dar es Salaam. Baba yake nyanya yangu alichukuliwa Murang'a mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo, wala hakurudi. Ninalotaka kuwauliza wajuzi ni hili: kama Ujerumani isingemtuma Paul von Lettow-Vorbeck huku Januari 1914 kuongoza jeshi la koloni lake, Tanganyika ya baadaye, au kama malaria ingemwondoa mapema, je, vita hivyo vingefika mwaka huo?

Mwalimu, Buruburu

Ndugu, mimi nasema visingefika. Gavana Heinrich Schnee, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa Lettow katika koloni, hakutaka vita. Alitumaini kwamba makubaliano ya Berlin ya 1885 yangeliweka koloni nje ya ugomvi wa Ulaya, na Agosti 1914 aliafiki Dar es Salaam na Tanga zisitetewe ili zisipigwe mizinga. Lettow hakumsikiliza. Tazameni Tanga yenyewe: tarehe 2 Novemba 1914 nahodha wa manowari ya Waingereza, Fox, aliingia bandarini kutangaza kwamba mapatano yamevunjwa, akapoteza muda akiulizia kama kuna mabomu majini, na muda huo huo Lettow alikuwa akiteremsha kombania zake kwa reli kutoka Moshi. Usiku aliingia mjini kwa baiskeli kujionea mwenyewe. Jeshi lililotoka India, watu 8,000 hivi, lilishindwa na watu 1,000 hivi (nyuki nao walishiriki, ingawa hawakuchagua upande), na bunduki na risasi zilizoachwa ufukweni zikawa akiba ya Wajerumani. Afisa mtiifu kwa gavana angeukabidhi mji ule, na habari zingeishia hapo.

Mkongwe wa Kumbukumbu

Mwalimu, kwa heshima zote, umempa mtu mmoja kazi ya watu wengi. Koloni lilikuwa pana, na lilikuwa na maafisa wengine wagumu, akina Kurt Wahle na Georg Kraut. Kwinini, dawa ya malaria, ilitengenezwa Amani, milimani Usambara, si mfukoni mwa Lettow. Meli za Wajerumani, Rubens na Marie, zilipenya zikiwa na silaha mwaka 1915 na 1916, na mizinga ya manowari yao Königsberg iliopolewa Rufiji ikakokotwa bara. Kwa hiyo hata Tanga ingetwaliwa, naamini mapigano yangeendelea mwaka mmoja au miwili.

Hapo ndipo nakubaliana nawe nusu. Kufikia Septemba 1916 Dar es Salaam ilikuwa imeanguka na Tabora imetwaliwa na Wabelgiji. Wajerumani hawakuwa tena na reli wala bandari kubwa. Kamanda wa kawaida angefanya nini? Hatuna haja ya kubahatisha sana, kwa sababu mfano upo. Novemba 1917 Theodor Tafel, afisa mwingine wa Kijerumani, akiwa ameishiwa chakula na ameshindwa kukutana na Lettow karibu na mto Ruvuma, alisalimu amri pamoja na kikosi chake. Siku hizo hizo Lettow alivuka mto akaingia Msumbiji, akazunguka mwaka mzima zaidi, na hakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, siku 14 baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza.

Binti wa Ngara

Wazee wangu, aliyeuliza hakuulizia ushujaa, aliulizia mtu wa kwao. Amri ya mwaka 1917 ya kukusanya wanaume vijijini haikutoka kwa Lettow. Ilitekelezwa na John Ainsworth, afisa wa serikali ya Kiingereza, kwa ajili ya jeshi la Waingereza. Watu wa bara waliozoea mtama na ndizi walipewa posho ya unga wa mahindi, mara nyingi haukuiva vizuri, nao wakafa kwa kuhara damu kuliko kwa risasi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000.

Waingereza nao walikuwa na hiari. Baada ya kushika reli, wangeweza kulinda walichokipata na kumwacha Lettow porini ahangaike na njaa. Badala yake walimfuata, na kila askari aliyesonga kusini alihitaji watu wa kumbebea chakula, na wabebaji hao nao walihitaji kula. Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Waingereza, alikwisha kuwasukuma watu hivyo mwaka 1916, mvua ikinyesha, kabla ya 1917 kufika.

Muuza Viatu, Kariokor

Nawashukuru. Leo nimepitia Barabara ya Kenyatta, kwenye zile sanamu tatu za askari, ambapo mmoja wao ni mpagazi, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Nikiwaelewa sawasawa, lau Tafel ndiye angekuwa mkuu mwishoni mwa 1916, Ainsworth asingekuwa na sababu ya kupeleka watu Murang'a mwaka uliofuata. Nyanya yangu hakuwahi kumwona baba yake. Nitawaeleza nyumbani hivyo, pamoja na hilo la Binti wa Ngara kuhusu waliochagua kumfuata Lettow.