Popo wa dari ya shule: tuwaue ao tuwaache?

Ndugu wa Lubumbashi, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Shuleni ninapofundisha, Katuba, popo wamejaa juu ya dari ya darasa la tano. Kamati ya wazazi imekata shauri kuwafukiza kwa moshi wa pilipili mpaka wafe wote. Mimi nimepinga, na tangu siku hiyo naitwa baba wa popo.

Yote yalianza na swali la mtoto. Nilikuwa nafundisha mamalia, ubaoni nimechora nyangumi wa buluu na popo. Mmoja anafika karibu mita 30 na kupita tani 100, mwingine unamfunika kwa kiganja. Lakini wote wananyonyesha, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Bawa la popo ni mkono wenye vidole virefu vilivyovikwa ngozi. Pezi la nyangumi nalo, ukilipasua, unakuta mifupa ya vidole. Popo wa darini huwinda gizani kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi, na nyangumi wenye meno hufanya vilevile kilindini. (Huyo wa buluu hana meno, hana ujuzi huo.) Mtoto akasema: "Mwalimu, mbona nyangumi wamekatazwa kuuawa, na popo tunawapiga fagio?"

Nilikosa jibu. Uwindaji wa nyangumi kwa biashara ulisimamishwa kuanzia 1986, walipokuwa wamekaribia kuisha, kwani anayezaa polepole hajazi pengo upesi. Popo naye ni hivyo. Sisi tunamhesabu sawa na panya, anayezaa watoto tele mara nyingi kwa mwaka.

Mnasemaje?

Mama wa Kamalondo: Mwalimu, nyangumi hakai juu ya kichwa cha mtoto wangu. Mavi ya popo yanadondoka kwenye daftari. Na homa ya Marburg je, ile iliyoua watu Durba, mmeisahau?

Kijana wa Ruashi: Mnabishana nini? Popo ni mboga.

Muuguzi: Kijana, usimshike popo kwa mkono mtupu, achilia mbali chungu. Mama ana haki ya kuogopa. Kule Durba, 1998 hadi 2000, wachimbaji dhahabu wengi walikufa, na mbebaji wa virusi vya Marburg ni popo mla matunda akaaye mapangoni. Hao wa darini kwa kawaida ni wala wadudu, jamaa nyingine, ila mavi yao makavu yanaweza kuwa na kuvu inayoingia mapafuni: yaloweshwe maji kabla ya kufagiwa. Kuhusu kuua, tazameni mgodi wa Kitaka, Uganda. Mwaka 2008 popo wote waliuawa. Wengine wakahamia, na 2012, Marburg ilipozuka tena wilaya hiyo, hao wapya walipimwa: wenye virusi walikuwa wengi zaidi kwa uwiano kuliko wale wa kwanza.

Fundi wa Kampemba: Moshi ni upuuzi. Watafia ndani ya dari, mtanusa mwezi mzima. Ngojeni watoto wao wajue kuruka, halafu jioni wakishatoka wote, zibeni matundu chini ya mabati. Nimefanya hivyo kanisani, hawajarudi.

Mwalimu: Hilo ndilo nilitaka kuwaambia kamati, nikazomewa.

Mama wa Kamalondo: Kama matundu yatazibwa, mimi sina neno na popo wako. Lakini fundi atalipwa na nani? Kamati imechangisha pesa ya pilipili tu.