Gumzo la familia: Nani wake?

Mjomba: Shikamoo mama. Nasikia Jumamosi unaenda tena kule mahabusu. Yule kijana wa jirani si damu yetu, na magoti yako tunayajua.

Bibi: Marahaba. Mama yake kalazwa. Sabuni atapelekewa na nani?

Shangazi Sydney: Shikamoo mama. Kaka, nisikilize kwanza. Huku Australia kulikuwa na mama mmoja Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa huku, Shirley Smith, wa kabila la Wiradjuri, kazaliwa Erambie karibu na Cowra. Ndugu yake wa kiume alifungwa, akawa anaenda kumtazama. Ndugu katoka, yeye hakuacha kwenda, maana waliobaki ndani hawakuwa na mtu. Askari wakimuuliza wewe nani wake, anajibu, "Mimi ni mama yake."

Binti: Kwa kila mfungwa?

Shangazi Sydney: Kila mmoja. Ndipo jina likamganda, Mum Shirl, yaani Mama Shirl. Ikafika akapewa kibali cha kuingia magereza yote ya jimbo la huku, New South Wales. Baadaye wakamnyang'anya.

Mjomba: Huyo alikuwa na uwezo wake.

Shangazi Sydney: Uwezo gani kaka? Kifafa tangu utotoni. Shule hakwenda kwa ajili hiyo, babu yake ndiye aliyemfundisha. Na watoto aliowalea wanapita 60.

Binti: 60!!

Shangazi Sydney: Nikienda kazini napita mtaa wa Redfern. Pale kuna kituo cha afya cha Waaborijini, yeye na wenzake walikianzisha 1971, maana hospitalini watu wao walikuwa wakidharauliwa. Mwaka mmoja kabla walishaanzisha msaada wa kisheria. Polisi walikuwa wanawazoa vijana wao mitaani, wanafika mahakamani hawana wakili. Hilo likiniingia kichwani nashindwa kunyamaza.

Bibi: Yu hai?

Shangazi Sydney: Alifariki 1998, mama. Picha situmi, Waaborijini wengi hawapendi picha ya marehemu irushwe ovyo.

Bibi: Umefanya vizuri. Mungu amrehemu. Wiki iliyopita yule mtoto kanipa mkono, kucha kazitafuna hadi nyama. Askari kaniuliza, wewe nani wake? Nikasema jirani. Akaniambia jirani dakika tano tu.

Mjomba: Jumamosi saa moja asubuhi nakufuata na gari. Usipande daladala. Sabuni ya kipande au ya unga?

Bibi: Kipande. Na dawa ya mswaki.