Paka wangu hataki chochote ila vibua, na kusi imeshika. Nifanyeje?

mama_wa_chumbageni (Tanga):

Habarini za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa anayejua paka kweli kweli, maana nyumbani kwangu mjadala umekuwa mkali na mwenye kuumia ni mnyama.

Nina paka jike, tunamwita Chausiku, mkubwa sasa, mwaka umeshapita na zaidi. Nilimchukua kule mwaloni Deep Sea akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Mama yake alikuwa akiishi chini ya meza za wanaopara samaki. Tangu aingie nyumbani anakula kitu kimoja: kibua. Changu hamtaki, tasi hamtaki, ni kibua tu, tena awe amechemshwa siku hiyo hiyo na bado ana uvuguvugu. Nikimpa aliyelala kwenye friji, ananusa, anarudi nyuma hatua moja, kisha anaanza kukwangua sakafu kuzunguka sahani kwa mkono mmoja, vile vile anavyofukia haja yake mchangani. Akimaliza anapanda juu ya pipa la maji anakaa, ananitazama.

Vibua wakiwa wengi sikuwa na neno. Lakini sasa kusi imeshika, ngalawa nyingi hazitoki, na siku nyingine sokoni hakuna kibua hata wa dawa. Wakiwepo, bei yake ni ya kulisha watoto kwanza. Nimejaribu dagaa wa Mwanza, akageuza uso. Nimejaribu firigisi, akailamba akaiacha. Nikanunua chakula kikavu cha paka, kile cha vipunje, hakutia hata kimoja mdomoni. Mwanangu wa mwisho akamkorogea uji akatia na sukari akidhani utamu utamvutia, hakuusogelea.

Mama mkwe yuko kwetu kwa sasa. Anasema tumemdekeza, paka wao kule Muheza walikula ugali mkavu na wakazeeka. Ushauri wake ni kumnyima kila kitu, apewe maji tu, mpaka akubali kinachowekwa. Mume wangu anamuunga mkono. Mimi moyo haunipi. Tangu jana asubuhi Chausiku hajala kitu cha maana na leo analala muda mwingi. Je, nimwache na njaa mpaka anyooke, au nitakuwa namdhuru?

kipanga_mbagala:

Dada, sikiliza wakubwa. Mimi nina paka watatu na wote walianza na maringo. Mwekee chakula, asipokula ondoa, kesho mwekee kile kile. Njaa ikimkaza atakula. Mbwa wangu nilimfundisha hivyo hivyo.

bwanamifugo_moro (Morogoro):

Mama wa Chumbageni, usimwache na njaa. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na hili ndilo ninaloliona likiua paka wa nyumbani huku wenyewe wakidhani wanamfundisha adabu.

Kipanga, ndugu yangu, kwa mbwa hiyo njia mara nyingi haina madhara. Paka mwili wake unafanya kazi tofauti. Paka asipokula kabisa kwa siku mbili au tatu, mwili unaanza kuvuta mafuta yake wenyewe na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliwezi kuyamudu kwa kasi hiyo. Mafuta yanajaa ndani ya ini lenyewe. Hapo paka anapoteza hamu ya kula kabisa, hata ukimletea kile kibua alichokuwa anakililia, na asipotibiwa anakufa. Paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo dada, leo usiku kabla ya yote mtazame ufizi wake, ndani ya masikio na weupe wa macho. Ukiona rangi ya manjano, au anatapika, au amelegea, asubuhi awe kwa daktari wa mifugo. Na kama kuna kibua popote Tanga nzima leo, mpe. Kwanza ale. Kubadilisha chakula ni kazi ya paka aliyeshiba.

Sasa nirudi kwa mama mkwe, na nasema haya kwa heshima yote, maana aliyoyaona Muheza ni kweli. Paka wa zamani walipewa ugali na hawakufa. Lakini ugali ule haukuwa chakula chao chote. Usiku walikuwa shambani na darini wakikamata panya, mijusi, vifaranga vya ndege, panzi. Panya mzima ni nyama, moyo, ini, mifupa na damu pamoja, na paka anahitaji vyote hivyo. Ugali ulijaza tumbo, panya ndiye aliyemlisha. Chukua paka yule yule umweke ndani ya nyumba ya vigae yenye dari lililofungwa, umpe ugali na mchuzi, utamwona anavyokongoroka.

Kuna kitu kinaitwa taurini, kinapatikana kwenye nyama na samaki. Mwili wa paka hauwezi kukitengeneza wa kumtosha, lazima akile. Ilishajulikana tangu miaka ya 1970 kwamba paka akikikosa muda mrefu anaharibika macho mpaka anapofuka, na mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California wakaonyesha kwamba unaharibika na moyo pia, unatanuka na kudhoofu. Ugali hauna taurini. Wali hauna. Mkate hauna. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi wanadhani paka anayekataa ugali ana kiburi. Huyo anakataa kitu kisichomfaa.

Na mwambie mwanao, kwa upole maana nia yake ilikuwa njema, kwamba paka hasikii utamu wa sukari. Ulimi wake hauna kipokezi kamili cha utamu kama wetu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2005 hadi kwenye vinasaba vyake. Hata ukimimina kilo nzima, kwake huo ni uji tu.

Kuhusu kibua: Chausiku alijifunza mezani kwa mama yake. Kitoto cha paka kinajua kipi ni chakula kwa kumtazama mama anachokula katika wiki zile za kuanza kuacha ziwa, na chakula cha wakati ule kinamkaa kichwani. Huyo wako alikulia chini ya meza za samaki. Ugeni wa firigisi kwake ni ugeni wa kweli. Hata hivyo aliilamba. Hapo ndipo pa kuanzia.

Fanya hivi. Chemsha kibua mmoja kwenye maji kidogo, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu vinaharibu chembe za damu za paka, ndiyo maana mchuzi wetu wa nyumbani haumfai hata uwe mtamu vipi. Usiyamwage yale maji, maana harufu imo humo, na sehemu ya taurini imetokea humo pia. Chemsha na firigisi au moyo wa kuku pembeni, katakata vidogo kama punje za mahindi. Mpe kibua wake kama kawaida, na ndani yake uchanganye kijiko kidogo tu cha kuku, kisha mimina yale maji ya kibua juu yakiwa vuguvugu. Akikubali siku kadhaa, ongeza kijiko. Akikataa, punguza. Usiwe na haraka, paka wengine wanataka wiki, wengine mwezi.

Uvuguvugu una maana kubwa. Paka anachagua chakula kwa pua kuliko kwa ulimi, na chakula cha friji hakitoi harufu. Tena mawindo yake ya asili ni kitu kilichokufa sasa hivi, chenye joto la mwili. Kibua wa jana mtie kwenye mfuko, uchovye mfuko kwenye maji ya moto mpaka ukigusa samaki kwa mgongo wa kidole usihisi baridi. Jaribu hilo kesho tu uone.

Mengine kwa kifupi: mpe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, ndivyo walivyoumbwa. Ini la ng'ombe au la kuku mpe mara moja moja, likiwa chakula cha kila siku vitamini A inazidi na mifupa ya shingo inakakamaa. Mifupa iliyopikwa toa. Samaki mpikie, usimpe mbichi kila siku, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachovunja vitamini B1, na moto unakimaliza. Samaki wa mafuta peke yake kwa miaka pia si salama, mafuta ya mwilini yanavimba na kuuma kwa kukosa vitamini E. Kwa hiyo hata bila kusi ilikuwa heri aanze kula na kingine.

Na jambo moja nalisema kila mahali: paka akilegea asipewe dawa ya maumivu ya watu. Paracetamol kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Nijibu maswali haya: anakunywa maji? Meno yake yakoje? Anakataa kwa kunusa tu, au anatia mdomoni halafu anatema?

binti_pate (Lamu):

Asalaam aleikum dada. Nakuelewa sana. Huku kwetu paka ni wa mtaa mzima, wanangoja mashua zirudi, na kila kusi ikivuma sana wanakonda. Marehemu nyanya yangu alikuwa na dume jeupe lililokataa kila kitu isipokuwa kichwa cha kolekole.

Naongeza mawili tu kwa aliyosema bwana mifugo. Sahani. Tazama unamwekea kwenye nini. Bakuli la plastiki linashika harufu ya sabuni na ya chakula kilichooza, wewe huisikii, yeye anaisikia. Tumia kisahani cha chai cha udongo, kilicho bapa, na ukisuuze kwa maji mengi. Na pahali. Paka hapendi kula watu wakimpita nyuma. Nyumba ikiwa na wageni, mama mkwe, watoto, mlango unafunguliwa kila saa, huenda hamu inapungua kwa hilo pia. Msogezee pembeni, mbali na mchanga wake wa haja.

La pili, dagaa. Wale wa kukaushwa kwenye mchanga wana mchanga, na wa pwani wanachemshwa kwa chumvi. Huenda ndiyo sababu alikataa. Mimi nawaroweka maji ya moto, namwaga, naroweka tena, natoa vichwa, halafu nawatwanga kinuni mpaka wawe unga. Huo unga nanyunyiza juu ya nyama ya kuku kidogo sana. Paka wangu aliyekuwa hamjui kuku sasa anamfuata mpaka mlangoni kwa muuzaji.

mama_wa_chumbageni:

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimesoma kwa sauti mbele ya mama. Alinyamaza, kisha akasema ni kweli, paka wa Muheza walikuwa wakirudi asubuhi na panya mdomoni na bibi yake alikuwa akiwasifu. Ameacha kusema habari ya kunyima.

Majibu yangu: maji anakunywa, anapenda ya kwenye pipa kuliko ya bakulini. Nilimfunua mdomo kwa msaada wa binti yangu mkubwa, ufizi ni wa waridi, hakuna manjano, meno meupe ila moja la nyuma lina ukoko. Anakataa kwa kunusa tu, hatemi.

Usiku ule ule jirani yangu anayeuza chapati alinipa vibua wawili wadogo kutoka kwenye friji yake. Nilifanya ya mfuko na maji ya moto. Chausiku alisimama mbali, akanyoosha shingo, pua ikawa inacheza. Hakukwangua sakafu. Alianza na tumbo la samaki kama kawaida yake, akamaliza mpaka ngozi, akaacha mkia. Wa pili nimemchemsha leo na moyo wa kuku. Kile kijiko kimoja cha moyo alikiacha kwanza, akazunguka akala kibua chote, halafu akarudi. Alikula karibu nusu yake. Ile iliyobaki nikaimiminia maji ya kibua akayalamba na vipande viwili vikaenda navyo.

Swali langu sasa: vibua wakikosekana kabisa wiki nzima, hayo maji ya kibua nitayapata wapi?

kipanga_mbagala:

Nashukuru bwana mifugo, hili la ini sikulijua. Kuna paka wangu mmoja mnene, nitaacha kabisa hiyo njia.

bwanamifugo_moro:

Vizuri sana mama. Paka aliyerudi kwenye sahani mwenyewe ameshafungua mlango.

Siku vibua wakipatikana kwa bei nafuu, hata wale waliovunjika matumbo ambao wauzaji wanawapunguza, chukua wengi kiasi. Wachemshe siku hiyo hiyo, chuja maji, uyagandishe kwenye vifuko vidogo vya barafu ya kuuza, kile kimoja kinachotosha mlo mmoja. Nyama ya samaki ichambue miiba, ipakie hivyo hivyo kwa mafungu madogo. Unatoa kifuko kimoja, unayeyusha, unapasha. Kilichokwisha kuyeyushwa usikirudishe kwenye barafu. Wakati wa kusi vifuko vyako vitakuwa kama kitoweo cha kumwagia juu ya kuku, si mlo wenyewe, kwa hiyo vitadumu.

Vile vipunje vikavu usivitupe. Akishazoea kuku, loweka vichache kwenye maji hayo hayo mpaka vilainike. Kikiwa ni chakula kamili cha paka, kimeshatiwa taurini kiwandani, kitakusaidia siku ukisafiri. Ukiona hataki kabisa, achana nacho, kuku wa aina mbalimbali na samaki wa kubadilisha badilisha watamtosha kwa sasa, ila umwulize daktari wa hapo Tanga kuhusu nyongeza ya madini ya chokaa, maana nyama bila mifupa ina upungufu huo.

Hilo jino lenye ukoko mwonyeshe pia. Si la dharura, lakini likianza kuuma atakataa chakula tena na utadhani amerudi kwenye kuchagua. Na mpime uzito kila wiki: panda mzani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe. Ukiona anapungua wiki mbili mfululizo, rudi hapa au nenda moja kwa moja kwa daktari.