Manispaa inataka kunilipa nikikataa bima yao ya afya. Nichukue?

Dereva wa Jembe
Wakuu, salaam. Nipo New Jersey, idara ya barabara ya manispaa moja, naendesha gari la jembe la kuondoa theluji. Dirisha la mwaka la kuchagua bima limefunguliwa na ofisi ya utumishi imenipa fomu: nikikataa bima yao kwa kuwa nina nyingine, nalipwa dola 3,600 kwa mwaka. Sasa hivi nakatwa 180 kila wiki mbili, bima yangu na watoto wawili. Mke wangu ni nesi hospitali binafsi, yeye anakatwa 62 ya peke yake. Akituchukua wote itakuwa 214. Anasema tuchukue hela, mimi nasita. Halafu, chama chetu cha wafanyakazi hakiwezi kudai zaidi ya hizo 3,600?

Kipanga
Hela ya bure hiyo mkuu, unauliza nini? Saini.

Bi Mhasibu
Si ya bure, kaka. Hiyo 3,600 ni mshahara kama mshahara mwingine: kodi ya mapato inakatwa, na 7.65% ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Kwa familia ya kipato cha kati, weka mkononi kama 2,800.
Hesabu yako sasa. Makato yako yakiondoka unaokoa 4,680 kwa mwaka. Wifi akiwabeba, makato yake yanapanda kwa 3,952. Ongeza hiyo 2,800, mnabaki na kama 3,500. Ila muulize wifi swali moja kabla hamjafurahi: mwajiri wake anatoza nyongeza kwa mwenzi ambaye kazini kwake anapewa bima? Siku hizi wengi wanatoza, na wapo wanaomkataa kabisa. Ikiwa ni 100 kwa mwezi, 1,200 imeshaondoka.

Mzee wa Trenton
Kuhusu chama: sahau. Sheria ya hapa inasema uamuzi wa kuruhusu watu wakatae bima, na kiasi cha kuwalipa, hauingii kwenye majadiliano ya mkataba. Ni hiari ya mwajiri. Na tangu Mei 2010 kuna kikomo: 25% ya kile mwajiri anachookoa au dola 5,000, chochote kilicho kidogo. Angalia hapo, ni anachookoa *mwajiri*, yaani baada ya kutoa makato uliyokuwa unalipa wewe. Zamani kuna miji ilikuwa inalipa nusu, watu wakajenga vibaraza.
Shemeji na manispaa yenu wote wangekuwa kwenye mpango wa bima wa serikali ya jimbo, usingepata hata senti. Hospitali binafsi, hapo uko salama.

Kipanga
Basi wakatae zote mbili, wanunue kwenye soko la bima la serikali kwa ruzuku, hela ya manispaa wale.

Bi Mhasibu
Hapana Kipanga, usimpoteze mwenzio. Mwajiri akikupa bima ambayo kisheria inahesabika nafuu, ruzuku ya sokoni huna, hata uikatae. Na waajiri wengi wa umma wanataka ushahidi wa bima ya kundi, si ya kujinunulia.

Mtu wa San Jose
Mleta uzi, unafanya ovataimu? Huku California polisi wa San Gabriel walishinda 2016 katika mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 9, inayosimamia majimbo ya magharibi: hela wanayolipwa kwa kukataa bima iingizwe kwenye kiwango cha kukokotolea ovataimu. New Jersey iko chini ya mahakama nyingine, kwa hiyo hukumu ile haiwafungi. Ila mtu wa theluji kama wewe ana sababu ya kuuliza.

Nesi Mwajuma
Nyote mnahesabu makato, hakuna aliyeuliza bima zenyewe zikoje. Bima za manispaa huko mara nyingi ni nzito: unaanza kutibiwa karibu bila kulipa kitu. Za hospitali binafsi, baadhi zinataka familia itoe maelfu mfukoni kwanza ndipo bima ianze kuchangia. Mtoto mmoja akivunjika mkono, ile faida yote imeishia chumba cha dharura. Je, daktari wa watoto wenu yumo kwenye mtandao wa bima ya mkeo?
Pia mkeo akiacha kazi au akipunguziwa saa, manispaa wanatakiwa kukurudisha bila kusubiri dirisha, lakini lazima uombe ndani ya muda. Sheria ya taifa inakupa angalau siku 30. Kazini kwangu dada mmoja alidhani wangemwandikisha wenyewe. Alikaa bila bima hadi mwaka ulipogeuka.

Mlinga wa Dodoma
Huku mtumishi wa umma tunakatwa 3% ya mshahara, mwajiri anaweka 3%, na hakuna wa kukuuliza kama unataka. Nyie mnalipwa kwa kukataa! Naendelea kusoma.

Dereva wa Jembe
Nimerudi. Nyongeza ya mwenzi ipo, 90 kwa mwezi. Na bima ya mke wangu inataka familia itoe 3,000 kwanza, yangu 400. Mtoto wa pili ana pumu, hatukosi hospitali. Mke wangu kasoma uzi wote na kanyamaza, ila fomu kairudisha mezani bila saini. Ovataimu nitauliza hata hivyo, kuna wenzangu wawili waliochukua hela hiyo. Asanteni, hasa dada Mwajuma.

Kipanga
Haya mkuu. Mimi yangu nilishasaini, lakini sina watoto.