Mdogo anakimbia simu ya mama yake, nimlazimishe?

Shangazi Ughaibuni
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kukaa na watoto waliotoroshwa vitani. Nalea watoto wawili wa marehemu kaka yangu, wa kiume ana miaka 11, wa kike 6. Wifi alibaki kule na bibi yao asiyejiweza, akawatanguliza watoto kwangu. Mtandao ukikubali anapiga. Mkubwa anaongea naye vizuri tu. Mdogo akisikia simu inaita, huyoo uvunguni. Siku hizi hata mimi nikimsemesha kwa lugha ya nyumbani ananijibu kwa lugha ya shuleni. Wifi analia, ananiuliza nimemlisha nini mwanawe. Nimlazimishe au nimwache? Halafu anaficha mkate ndani ya foronya, hilo nalo silielewi, maana chakula kipo.

Mzee Kobe
Mwache. Watoto hawachelewi kuzoea, mwaka haupiti atakuwa mwenyeji kukuzidi wewe.

Nuru wa Pili
Mzee Kobe, hapo tunatofautiana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ufini iliwatoa watoto wapatao 70,000, wengi wakapelekwa Uswidi. Walizoea, tena sana. Wadogo wakasahau Kifini kabisa, wakarudi hawawezi kuelewana na mama aliyewazaa, huku wakimlilia mama wa Uswidi waliyemwacha. Yaani wametenganishwa mara mbili, na wengi wao walikuwa wamelelewa vizuri.

Dada, simu usimlazimishe, ila lugha usiiache ife. Simu ikiingia weka sauti ya nje, wewe na mkubwa mpige soga na wifi mambo ya kawaida, mdogo awe anachora hapo karibu. Asiambiwe "msalimie mama". Wifi pia arekodi hadithi za kabla ya kulala, mtandao ukikata unazo.

Mzee Kobe
Wale hawakuwa na simu, lakini hoja yako nimeipata.

Mama Pacha
Mimi nimepokea watoto wa namna hiyo. Mkate usiutoe kwenye foronya akiona. Mpe kopo lenye kifuniko, liwe lake, na lisikae tupu. Chakula kuwepo anajua. Hajui kama kesho kitakuwepo.

Ila mleta uzi, mkubwa umempa sentensi moja. Huyo "anaongea vizuri tu" ndiye ningemchunguza. Analala? Ana rafiki? Mara nyingi wa umri huo anajivika uzazi wa mdogo wake, na watu wazima wanamsifia kwa hilo.

Mwalimu Mstaafu
Naongezea. Wataalamu wa saikolojia ya watoto, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliendesha vituo vya kulelea watoto London wakati wa vita, wakaona kuwa watoto wadogo waliumizwa zaidi na kutenganishwa na mama kuliko na mabomu yenyewe. Huyo binti huenda hajamsahau mama, amemkasirikia. Kwa akili ya miaka 6, mama ndiye aliyempandisha gari akabaki na bibi. Wifi amwambie mwenyewe, kwenye rekodi hizo hizo: nilikupeleka kwa shangazi kwa sababu ya vita, wewe hukufanya kosa lolote.

Na taarifa ya habari wasiisikie kwa kuvizia. Mwaka 1937 watoto karibu 4,000 wa Basque, Hispania, walivushwa kwa meli hadi Southampton, Uingereza, kukimbia vita. Mwezi uliofuata mji wa kwao, Bilbao, ukatekwa, habari ikatangazwa kambini kwa vipaza sauti. Watoto waliangua kilio, wengine wakatoroka. Habari mbaya wapewe na mtu wao, wakiwa wamekaa.

Shangazi Ughaibuni
Asanteni sana. Mama Pacha, mkubwa halali, nasikia anatembea usiku. Nitaongea na shule. Swali la mwisho: wifi kila simu anawaahidi "nakuja karibuni", na ukweli hajui. Nimkataze?

Mama Pacha
Mwambie mkiwa wawili, si mbele ya watoto. Aahidi anachokiweza tu: "Ijumaa nitapiga, mtandao ukigoma shangazi atawaambia."