Tupeane uzoefu: ulilelewaje ukiwa sekondari na ilikufanya uweje?

Mwalimu wa Nyamagana:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha sekondari ya kata huku Mwanza. Wazazi tukiwaita shule utasikia mawili tu, mimi mkali au mimi mpole. Ila mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Diana Baumrind, tangu miaka ya 1960 alishasema yupo na mwingine, anayeweka sheria akaisimamia huku anamsikiliza mtoto. Halafu mwaka 1987 kuna watafiti waliwaangalia wanafunzi zaidi ya 7,000 wa sekondari huko California, watoto wa wazazi wa aina hiyo ndo walikuwa na maksi nzuri, wa wakali na wa wale wanaoachia wakawa chini, LAKINI waliokuwa mkiani kabisa ni wa nyumba zinazochanganya, leo fimbo kesho poa tu. Hao mbona ndo wamejaa darasani kwangu. Leteni stori, za kwenu sio za jirani.

Kijana wa Mwaloni:
Ticha umenigusa pabaya. Mzee wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, kambi visiwani Ukerewe. Watu wa ziwani mnajua, dagaa ni giza, mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu watu wanarudi nyumbani. Kwa hiyo kwetu Kirumba malezi yalifuata mwezi. Giza lote bimkubwa yuko mwaloni, soko la samaki, na biashara, mimi nirudi saa ngapi hakuna anayeuliza, nabeti, nashinda kibanda cha mpira. Mwezi ukijaa mzee huyo, madaftari yote mezani, kila penye kosa kiboko, mpaka makosa ya mwezi uliopita. Kuna siku kanichapa kwa fizikia na shuleni mwalimu wa fizikia hatukuwa naye, nafungua mdomo niseme, "unanijibu?" Ikabidi niwe fundi wa kuangalia mwezi, nikiuona unanenepa naanza kunakili notsi za wenzangu usiku kucha. Fomu foo nikala divisheni foo. Akili nilikuwa nazo maana nilipoenda ufundi nikawa naongoza, mwalimu wa karakana sheria zake za Jumatatu ndo hizohizo za Ijumaa.

Dada wa Buhongwa:
Pole kaka. Kwetu sheria haikubadilika, ilikuwa kaa kimya. Baba akipiga honi getini tv inazimwa kila mtu anakimbilia kitabu. Divisheni wani nilipata sikatai. Ila mpaka namaliza fomu siksi sijawahi kuamua hata gauni la kuvaa kanisani, nafika chuo Dar hakuna wa kunifokea, bumu, hela ya mkopo wa chuo, likiingia wiki mbili limekwisha, nalala mpaka saa tano, sapu za kurudia mitihani zikaanza. Na mpaka leo mtu akipandisha sauti hata kwa utani machozi yananitoka. Mdogo wangu wa kiume ndo kabisa, nyumbani malaika, mtaani anapiga watoto wa watu.

Ngosha wa Magu:
Nyie mnadeka tu. Sisi tulichapwa tukanyooka, leo tuna familia zetu. Endeleeni kuwabembeleza, ndo maana wanatukana walimu.

Mwalimu wa Nyamagana:
Heshima yako mkuu. Ila ulikuwa unachapwa kwa sheria unayoijua au kwa jinsi mzee alivyoamka?

Ngosha wa Magu:
Sheria ilijulikana bana. Ng'ombe wakiingia shamba la mtu unakula bakora, usipolisha hovyo hakugusi. Na jioni tunakaa wote shikome tunaota moto, anauliza mmoja mmoja umeshindaje, hata ukiwa na lako la kulalamika unasema.

Mwalimu wa Nyamagana:
Sasa si ndo huyo wa Baumrind, ukitoa bakora!

Ngosha wa Magu:
Usinilishe maneno mwalimu. Bakora ilikuwepo.

Mama wa Igoma:
😂😂 Jamani. Mimi binti yangu yuko fomu three. Simu anaazima yangu kwa ajili ya masomo, saa tatu usiku inarudi. Aliuliza kwa nini nikamwambia kwa sababu saa kumi na moja unaamka kuwahi daladala, tukabishana weee, akaomba wikendi iwe saa tatu na nusu nikaona ana hoja nikakubali. Akinuna anunie chumbani kwake, simfuati na simtukani, njaa ikimuuma anakuja jikoni tunasonga ugali stori kama kawaida. Shida baba yake. Yuko machimbo Geita, akija mara moja moja anamwachia simu mpaka alfajiri eti mtoto asije akamsahau. Akiondoka mimi ndo adui. Wenzangu hapo mnafanyaje?

Kijana wa Mwaloni:
Mama ongea naye kabla hajapanda gari. Bimkubwa wangu alikuwa anasubiri mzee afike ndo atoe ripoti, tena mbele yetu.

Dada wa Buhongwa:
Na usimpige mafumbo shoga, mwandikie kabisa. Saa ya simu, saa ya kulala, akivunja inakuwaje.

Mama wa Igoma:
Nimemtumia muda huu huu. Kasoma, kaniuliza mboga ya leo nini.